Nyanya Mrembo Hivyo, Nani Angemfukuza?

Filamu ya A Wrinkle in Time ilikuwa haijafika mbali nilipoisimamisha. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja mtaani Nyalenda, hapa Kisumu, watoto thelathini na wawili wamebanana kwenye mabenchi, shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta ya kuazima inavuma kama nyuki. Kwenye shuka alikuwa amesimama Mrs Whatsit, mgeni anayeingia usiku bila kualikwa nyumbani kwa akina Meg, msichana wa hadithi hiyo. Anaigizwa na Reese Witherspoon, nywele nyekundu zimetengenezwa zikatengenezeka, vazi jeupe linamwagika hadi sakafuni. Huwa nasimamisha filamu mgeni anapoingia hadithini ili niwaulize watoto wanadhani ni nani na amefuata nini. Safari hii msichana wa miaka 11 aliyeketi benchi la mbele hakungoja swali.

"Mwalimu, hapa wameharibu."

Wameharibu nini?

"Nyanya mrembo hivyo, nani angemfukuza?"

Nimesoma mapitio mengi ya filamu hii tangu itoke mwaka 2018, ya kuisifu na ya kuiponda. Sikumbuki hata moja lililogusa mahali pale alipogusa mtoto huyu, na tangu siku hiyo jambo hilo halijanitoka.

Kwa asiyekijua kitabu ambacho filamu imetokana nacho, Madeleine L'Engle alikichapisha mwaka 1962 baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini. Mwaka uliofuata kikapewa Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto huko Marekani. Meg Murry ni msichana wa miwani, mwepesi wa hasira, asiyeelewana na walimu wake, na baba yake mwanasayansi ametoweka. Wanawake watatu wa ajabu wanamchukua yeye, mdogo wake Charles Wallace na rafiki yao Calvin, wanavuka anga kwa kukunja nafasi yenyewe, wakamtafute baba. Mkunjo huo L'Engle anaueleza kwa sisimizi anayetembea kwenye kitambaa cha sketi. Ukikutanisha huku na huku, sisimizi amefika bila kusafiri. Niliwaonyesha watoto kwa leso, wakaelewa kabla sijamaliza kuikunja.

Filamu ya Ava DuVernay ilitoka Marekani Ijumaa ya tarehe 9 Machi 2018. Mtu wa Kisumu akitajiwa tarehe hiyo hafikirii sinema. Anamwona Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakipeana mkono nje ya Harambee House, na anakumbuka alikuwa wapi habari ilipomfikia. Hata kwa upande wa sinema tulikuwa tumeshiba, kwa kuwa mwezi mmoja kabla ya hapo Black Panther ilizinduliwa hapa mjini kwetu kwa shangwe, maana mmoja wa waigizaji wake, Lupita Nyong'o, ni binti wa Gavana Anyang' Nyong'o. Na Machi hiyo, Black Panther ikiwa katika wikendi yake ya nne, bado iliongoza kumbi za Marekani, huku A Wrinkle in Time ikifungua katika nafasi ya pili kwa dola milioni 33 hivi. Filamu mbili za juu, zote za bajeti kubwa, zote zimeelekezwa na watu Weusi. DuVernay mwenyewe alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kukabidhiwa filamu ya waigizaji halisi yenye bajeti ya dola milioni 100. Huo ni mzigo mzito kuuweka mgongoni mwa hadithi ya mtoto anayemtafuta baba yake, na nadhani filamu ilipimwa kwa mzigo huo zaidi ya ilivyopimwa kwa hadithi.

Zikaja alama za tovuti zinazokusanya maoni ya wahakiki. Rotten Tomatoes ikaonyesha asilimia 42 hivi, na Metacritic 53 kwa 100. Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu namba hizi tunazisoma vibaya. Sisi tuliopitia KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ambao Desemba nzima tulikuwa tukiulizwa na kila jirani tumepata ngapi kati ya 500, tukiona 42 tunaona mtoto aliyeanguka mtihani. Lakini Rotten Tomatoes haitoi alama. Huhesabu wahakiki wangapi kati ya 100 waliridhika, kama mwalimu mkuu anayetangaza ni watahiniwa wangapi waliovuka mstari, bila kusema nani alivuka kwa shida na nani kwa kishindo. Metacritic ndiyo hutafuta kitu kinachofanana na wastani. Filamu ambayo kila mtu ameiona ya kupita tu inaweza kupata 100 kwenye mizani ya kwanza. Filamu iliyopendwa kwa moyo wote na nusu ya watu na kuchukiwa na nusu nyingine itapata 50. Nimewasikia vijana wa hapa wakiitupa filamu kwa sababu ya namba hiyo peke yake, kabla hawajaona hata picha moja.

Nyuma ya namba kulikuwa na hoja, tena hoja za maana. Wengi walimsifu Storm Reid aliyeigiza Meg, wakasifu rangi, ujasiri na moyo wa filamu. Wakalalamika kwamba mambo yanakimbizwa, kwamba mswada una mashimo, na kwamba michoro ya kompyuta inameza nyuso za watoto pale tunapotaka kuziona. Nakubaliana nao kwa mengi. Kuna sayari inatokea, inapendeza, inapita, na hatukupata nafasi ya kuogopa wala kushangaa. Duniani kote filamu iliingiza dola milioni 132 hivi, na ukitoa fungu la kumbi na gharama za matangazo, hiyo ni hasara kwa Disney.

Juni mwaka huohuo mwigizaji Brie Larson alisimama kwenye hafla ya wanawake wa sinema akasema hahitaji mwanamume Mzungu wa miaka 40 amweleze yeye mwanamume hakupenda nini katika filamu hii, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya mwanamume huyo. Alikuwa na ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walikuwa wamepitia uhakiki wa filamu 100 zilizouza zaidi mwaka 2017, wakakuta karibu theluthi mbili umeandikwa na wanaume Wazungu, na asilimia 4 hivi tu na wanawake wasio Wazungu. Hali hiyo ni mbaya na alifanya vyema kuisema.

Lakini utetezi huo uliishia mlangoni. Ukisema filamu haikutengenezwa kwa ajili ya huyu, basi mgeukie yule iliyotengenezwa kwa ajili yake, umuulize. Mjadala wote ule ulikuwa na watu wazima wa upande huu wakisema filamu imeshindwa, na watu wazima wa upande ule wakisema ninyi hamkualikwa. Msichana Mweusi wa miaka 11 alitajwa na kila mtu, na kila aliyemtaja alidhani anajua tayari kwamba filamu itampendeza. Nilimpata Nyalenda, benchi la mbele, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba wameharibu.

Aliposema vile alikuwa anafikiria Simbi. Najua kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeisimulia. Ukitoka hapa Kisumu ukazunguka ghuba hadi Kendu Bay, utafika kwenye ziwa dogo la magadi ambalo flamingo hulitembelea, liitwalo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wazee wanasema palikuwa kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa kwenye sherehe, pombe inamiminwa, ngoma inalia, akaja bibi kizee mchafu anatetemeka, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, na huyo ndiye aliyeambiwa aondoke upesi. Mvua ikanyesha, ardhi ikafunguka, kijiji kikaenda chini na watu wake. Watoto wa pande hizi wanaijua hadithi hiyo hata kabla ya kujua kusoma. Wanachojua hasa ni kwamba mgeni wa maana huja amevaa matambara. Matambara ndiyo mtihani.

Na L'Engle alijua vilevile! Katika kitabu, Mrs Whatsit anaingia jikoni usiku wa dhoruba kama ombaomba, amejiviringishia nguo na skafu za kila rangi, kofia ya kiume kichwani, mabuti ya mpira yamejaa maji. Ameiba mashuka ya jirani. Meg anamchukia papo hapo na kumshuku. Hata hivyo ni Meg huyohuyo anayemtengenezea mkate wa samaki na kitunguu, kwa sababu mama yake ameshampa mgeni kiti. Baadaye sana tunajua kwamba yule ombaomba alikuwa nyota, nyota ya angani kabisa, iliyoutoa uhai wake ikipigana na giza. Ukisoma mara ya pili unarudi kwenye ule mkate na moyo unakuruka. Kumbe Meg alikuwa amempa nyota chakula akiwa amenuna.

Filamu imemvua Mrs Whatsit matambara. Imemfanya Oprah Winfrey, kama Mrs Which, awe mrefu kama mnara, vito vinametameta usoni. Mindy Kaling kama Mrs Who amevikwa mavazi ambayo kila moja lingetosha kuwa maonyesho. Naelewa nia. DuVernay alitaka watoto waone wanawake wa rangi mbalimbali wakiwa na fahari, na fahari hiyo inaonekana. Lakini mgeni anayetokea kama malkia hamjaribu mtu yeyote. Si kwa wema wako unamkubali, ni kwa mng'ao wake. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya hadithi, ile ambamo Meg hafai na hajui kama anafaa na bado anatoa chakula, imekuwa onyesho la mavazi. Wahakiki wa nje walihisi kitu kimepungua, wakakiita mwendo, au mswada, au michoro. Naamini walikuwa wanahisi pengo la yale mabuti yenye maji.

Nisieleweke kama mtu wa kudai filamu ifuate kitabu neno kwa neno. Sisi hatukulelewa hivyo. Sigana, yaani ngano za Wajaluo, zilizosimuliwa siwindhe, nyumbani kwa dani (ndiye nyanya), zilibadilika kila usiku. Nyanya mmoja wa Asembo na mwingine wa Seme hawakumsimulia zimwi Apul-Apul kwa namna moja, na kule Kakamega zimwi lina jina lingine na tabia nyingine. Asenath Bole Odaga, aliyezikusanya na kuzichapisha hapahapa Kisumu, alijua kwamba anachokiweka kwenye karatasi ni usiku mmoja tu kati ya usiku nyingi. Hakuna mtoto aliyemwambia dani kwamba toleo la jana lilikuwa bora. Alichoweza kusema, na alisema, ni kwamba umeruka mahali. Ukiisimulia Simbi bila yule bibi kutetemeka, watoto watakukatiza. Unaweza kubadilisha kijiji, sherehe, hata jina la yule mwanamke mwema. Mifupa mingine haitoki.

Kwa kipimo hicho, badiliko lililozua maneno mengi kuliko yote halikuvunja mfupa wowote. Kitabuni akina Murry ni Wazungu. Katika filamu mama ni Gugu Mbatha-Raw, baba ni Chris Pine, Meg ni mtoto wa rangi mbili, na Charles Wallace ni wa kulea. Waliokasirika walisema huyo si Meg. Kwa nini asiwe? Meg wa kitabuni anajichukia mwili wake, na nywele zake hazimsikii. DuVernay ameichukua hiyo na kuipa uzito ambao L'Engle hakuwa nao. Calvin anamsifia Meg nywele zake, Meg anaikataa sifa kama mtu aliyerushiwa kitu. Halafu, kule gizani, anaonyeshwa Meg mwingine, aliyenyooshwa nywele, asiye na miwani, aliyekamilika, na anatakiwa amchague huyo.

Ukumbi ulinyamaza hapo. Wasichana waliokuwepo, karibu wote wana vichwa vilivyonyolewa karibu na ngozi, kwa sababu ndivyo shule nyingi za umma zinavyotaka. Nywele kwao ni kitu cha likizo, kitu cha baadaye, kitu ambacho mtu mzima ana ruhusa ya kukikata. Sikuwauliza neno. Mmoja alikuwa anajipapasa kichwa bila kujua. Nimesoma wahakiki waliolitaja tukio hilo kwa sifa na wakapita. Mimi nasema ndilo tukio bora la filamu nzima, na lingekuwa bora zaidi kama Mrs Whatsit angekuwa mwanzoni yule bibi mchafu, kwa sababu mtoto angekuwa ameshajifunza, na sisi pamoja naye, kwamba sura iliyokamilika ndiyo ya kuogopwa. Filamu yenyewe imejinyima jibu lake.

Kuna mfupa mwingine, na huu uliniuma kuliko wote. Sayari ya Camazotz, anakoshikiliwa baba yake Meg. L'Engle aliandika wakati wa Vita Baridi, na uovu wake si moshi. Uovu wake ni utaratibu. Watoto wote wa mtaa mmoja wanadundisha mpira kwa pigo moja, milango yote inafunguka pamoja, akina mama wote wanaita pamoja, na mtoto mmoja anayekosea pigo anaingizwa ndani kwa hofu. Nyuma ya yote kuna IT, ubongo mkubwa mtupu uliowekwa juu ya jukwaa, unaopiga kama moyo na kutaka kila moyo upige nao. Filamu inalo tukio la mipira, na ni zuri sana, rangi zimepangwa hadi zinatisha. Lakini linakwisha upesi, na baada yake uovu unarudi kuwa giza lenye mikono mirefu na sauti ya David Oyelowo, giza linaloeleza wivu na uonevu na kila kitu kibaya kwa pamoja.

Mvulana wa darasa la sita aliliona tukio la mipira akasema, "Hiyo ni paredi." Wenzake wakacheka kisha wakaacha kucheka. Wanavaa yunifomu ya rangi moja, wanapanga mistari kila asubuhi, wanajua mtoto anayekosea hatua hufanywa nini. Hapo filamu ilikuwa imewashika mkono kabisa, ingeweza kuwapeleka mbali, lakini ikawaachia. Siamini kwamba yunifomu ni uovu, na sikuwaambia hivyo. Nilitaka tu filamu ikae pale dakika tano zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kufikiri.

Kuhusu dini nitasema kidogo. Mzazi mmoja, shemasi, aliuliza kabla hatujaanza kama hizi ni habari za wachawi. Hakuwa wa kwanza, maana katika miaka ya 1990 kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vilivyolalamikiwa sana katika maktaba za Marekani. Na L'Engle alikuwa Mkristo, akamtaja Yesu waziwazi miongoni mwa waliopigana na giza. Filamu imeliondoa jina hilo na aya za Biblia. Nilimweleza shemasi yote mawili. Akakaa, akaangalia hadi mwisho.

Nimekuwa nikiwaza kwa nini uhakiki wa namna hii hauandikwi kwetu wakati unasemwa kila siku. Kwenye vibanda vya video, kuanzia Kondele hadi Mumias, vijana wamekua wakitazama filamu za nje kwa sauti ya DJ Afro, anayeisimulia upya juu ya picha, anampa jambazi jina, anakwambia huyu ni mjinga na huyu mtamjua baadaye. Hilo ni simulizi na ni hukumu kwa pamoja. Mtazamaji wa kibandani hajawahi kuwa mnyonge mbele ya filamu. Anaikatiza, anaidai. Ila akitoka pale na kutaka kuandika, anaenda kwanza kutafuta asilimia ya Rotten Tomatoes, kana kwamba alichokiona kwa macho yake kinahitaji muhuri. Wahariri nao, nikiwa mmoja wa waliowahi kuwapelekea kazi, hupenda muhtasari wa yaliyosemwa nje. Niliwahi kurudishiwa makala na mhariri mmoja kwa maelezo kwamba filamu imeshahakikiwa. Imehakikiwa na nani, kwa macho ya nani?

Tulipomaliza ile filamu, watoto hawakutaka kutoka. Wakaomba kuiigiza, na mwanzo tu ndio waliotaka. Msichana wa benchi la mbele akajiteua kuwa Mrs Whatsit. Alijifunga gunia la mahindi kiunoni na leso iliyochanika kichwani, akavaa viatu vya mlinzi wa ukumbi, akavijaza maji ya chupa. Akabisha. Wanane waliokuwa ndani, waliokubaliana kuwa wako kwenye sherehe, wakamfokea aondoke. Alibisha tena, kwa sauti ya chini zaidi, akitetemeka vizuri kuliko mwigizaji yeyote niliyemwona kwenye lile shuka. Mtoto mdogo wa kike, wa darasa la pili, ambaye hakupewa sehemu yoyote, akainuka, akafungua mlango, akampa nusu ya mandazi yake, huku amenuna, maana alikuwa bado ana njaa.

Kitabu ninacho kimoja tu, nilikipata sokoni Kibuye kati ya vitabu vya mitumba, hakina jalada. Jumamosi hii naanza kuwasomea sura ya kwanza, natafsiri papo hapo. Msichana wa gunia ameshanisimamisha njiani mara mbili kuuliza kama kwenye kitabu yule nyanya amelowa.